Kahawa bora inapita Kurasini kila msimu: Jifunze kuiandaa nyumbani

Na Mwandishi Wetu

KILA siku malori yenye makontena hupita Barabara ya Mandela na Barabara ya Kilwa yakielekea Bandari ya Dar es Salaam. Wakazi wa Kurasini wameyazoea kiasi kwamba hawajishughulishi tena kujua yamebeba nini. Katika miezi inayofuata mavuno, baadhi ya makontena hayo huwa yamejaa kahawa iliyotoka Kilimanjaro, Songwe, Mbinga na Kagera. Kontena moja la futi 20 huchukua magunia 320 hivi ya kilo 60 kila moja, yaani zaidi ya tani 19 za buni ambazo hazijakaangwa.

Buni hizo hupakiwa melini na kwenda kukaangwa katika nchi kama Japan, Italia, Ujerumani na Marekani. Si mbali na lango la bandari, katika nyumba za Kurasini, Keko na Mtoni, asubuhi hiyohiyo watu hunywa chai ya rangi, au huchota kijiko kimoja cha kahawa inayoyeyuka na kukikoroga katika maji ya moto. Anayetaka kahawa ya buni zilizosagwa husubiri hadi jioni apite kijiweni.

Hali hiyo si lazima iendelee. Kahawa ya Tanzania iliyokaangwa na kufungashwa hapahapa nchini inapatikana katika maduka makubwa ya jiji, na kipo chombo rahisi cha kuiandalia ambacho hakihitaji umeme, karatasi za kuchujia wala ufundi wa miaka mingi. Makala haya yanakieleza chombo hicho, buni zinazofaa, na mambo manne yanayotenganisha kikombe kizuri na kikombe kibaya: upya wa buni, namna ya kusaga, maji na muda.

Zao la nyumbani, kinywaji cha ugenini

Kahawa si ngeni katika ardhi hii. Wahaya wa Kagera walikuwa na mibuni ya aina ya Robusta kabla ya kuja kwa wakoloni. Hawakuinywa. Walizichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha na kuzitafuna, na mgeni aliyefika nyumbani alikaribishwa kwa buni hizo. Buni mbili zilizotoka katika tunda moja zilitumika pia katika kiapo cha undugu wa damu. Desturi ya kutafuna kahawa haijatoweka Bukoba hadi leo.

Huku Pwani, kahawa ililetwa na biashara ya majahazi kati yetu na Arabuni. Maneno "kahawa" na "buni" yote mawili yana asili ya Kiarabu, na kutokana na neno la kwanza Kiswahili kikapata "mkahawa", yaani mahali pa kunywea. Kilimanjaro nako, mibuni ya Arabika ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kahawa, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vya ushirika vikongwe barani Afrika.

Pamoja na historia hiyo, kahawa ilibaki kuwa zao la kuuza nje. Chini ya sehemu moja ya kumi ya kahawa inayozalishwa Tanzania ndiyo hunywewa nchini. Ethiopia, ambayo ndiyo chimbuko la Arabika, hunywa karibu nusu ya kahawa yake.

Tofauti hiyo humgusa mkulima moja kwa moja. Nchi isiyokunywa kahawa yake hutegemea bei ya masoko ya mbali: New York kwa Arabika na London kwa Robusta. Mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ulipovunjika Julai 1989, bei zilianza kuporomoka, na kufikia mwaka 2001 zilikuwa za chini kuliko zilivyowahi kuwa kwa miongo kadhaa. Huko Kilimanjaro wapo wakulima waliong'oa mibuni yao, na wengine wakaiacha bila matunzo. Baadaye upepo uligeuka, na mwanzoni mwa mwaka 2025 bei ya Arabika huko New York ilivuka dola nne kwa ratili.

Kikombe kimoja cha Kurasini hakiwezi kubadili soko la dunia. Hata hivyo, pakiti moja ya kahawa iliyokaangwa nchini huacha hapa malipo ya kukaanga, kusaga, kufungasha na kuuza rejareja, ambayo kwa buni ghafi hulipwa ng'ambo.

Kijiweni na jikoni

Kahawa ya kijiweni ina hadhi yake. Dele lililo juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, ndoo ya maji ya kuoshea na kashata pembeni ni mambo yanayofahamika Temeke, Ilala na Kinondoni. Kahawa hiyo husagwa laini, huchemshwa kwa muda mrefu na mara nyingi hutiwa tangawizi. Huwa nzito na chungu, na ndiyo maana ikapewa kashata kuwa mwenza wake.

Lakini moto wa muda mrefu una gharama. Harufu ya kahawa ni nyepesi na hupaa pamoja na mvuke, ilhali uchungu huzidi kutoka kadiri buni zinavyochemka. Mwishowe kahawa ya Kilimanjaro na ya Mbozi, ambazo wanunuzi wa nje huzilipia kwa sababu ya tofauti za ladha zake, huonekana kuwa kitu kimoja.

Kahawa inayoyeyuka nayo ina nafasi yake. Kiwanda cha Tanica cha Bukoba kimekuwa kikiitengeneza kwa miongo mingi. Hiyo ni kahawa iliyokwisha kupikwa kiwandani, kisha maji yakaondolewa hadi ukabaki unga au chenga. Ni ya haraka na haiachi machicha. Hata hivyo, sehemu ya harufu hupotea katika ukaushaji, na mnywaji hawezi kubadili chochote isipokuwa wingi wa unga na maji.

Chombo chenyewe

Birika la kubonyeza, ambalo madukani huuzwa kwa jina la 'French press', ni jagi la kioo au la chuma kisichoshika kutu, lenye mfuniko. Katikati ya mfuniko hupita ufito, na mwishoni mwa ufito kuna chujio la waya mwembamba linalogusa kuta za jagi pande zote. Kahawa na maji ya moto hukaa pamoja kwa dakika chache, kisha chujio husukumwa chini. Machicha hubaki kitakoni na kahawa hubaki juu, tayari kumiminwa.

Ingawa hupewa jina la Ufaransa, chombo hiki ni kazi ya nchi mbili. Mwaka 1852 Wafaransa wawili, Mayer na Delforge, walipewa hataza ya kifaa cha namna hiyo. Mwaka 1929 Mtaliano Attilio Calimani aliandikisha umbo lililokaribia lile tunalolifahamu, na mwaka 1958 Faliero Bondanini aliandikisha umbo lililoboreshwa ambalo lilitengenezwa Ufaransa na kuenea Ulaya.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, sifa yake kubwa ni kwamba umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Maji yaliyochemshwa kwa gesi au mkaa yanatosha.

Wakati wa kununua, mnunuzi asipotoshwe na idadi ya vikombe iliyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa watengenezaji huhesabu vikombe vidogo sana. Birika linaloitwa la vikombe vitatu huchukua mililita 350 tu, kiasi cha kuwatosha watu wawili kwa vikombe vidogo vya chai. Lile la vikombe vinane huchukua lita moja na hufaa familia. Aidha, hakikisha chujio linabana vizuri kuta za jagi na kwamba ufito haulegei. Jagi la kioo huonyesha kinachoendelea ndani lakini huvunjika. La chuma hudumu na huhifadhi joto zaidi.

Kuchagua buni

Tanzania hulima aina mbili za kahawa. Arabika hupatikana katika nyanda za juu za Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Ruvuma, Kigoma na Mara. Ina harufu pana zaidi na uchachu mwepesi unaofanana na wa matunda. Robusta hutoka zaidi Kagera. Ina nguvu, ni nzito mdomoni na kafeini yake ni takriban mara mbili ya ile ya Arabika. Kwa anayeanza kutumia birika la kubonyeza, Arabika ndiyo itakayomwonyesha upesi tofauti na kahawa aliyoizoea. Mpenzi wa kahawa nzito anayekunywa na maziwa anaweza kuchanganya na Robusta kidogo.

Herufi AA, A, B na PB zinazoonekana kwenye baadhi ya pakiti ni madaraja. AA, A na B hueleza zaidi ukubwa wa punje. PB ni buni ya mviringo: kwa kawaida tunda la kahawa huwa na punje mbili zilizolaliana, lakini katika baadhi ya matunda hukua moja tu, nayo huwa ya duara. Buni hizo za Tanzania zina jina kubwa Marekani na Japan. Hata hivyo, mnunuzi asidhani kwamba punje kubwa ni lazima iwe tamu kuliko ndogo. Upya wa kahawa una uzito zaidi katika kikombe.

Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza harufu siku chache tu baada ya kutoka motoni, na ikishasagwa hupoteza kwa kasi zaidi. Tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti, na usitosheke na ile ya mwisho wa matumizi peke yake, kwani huweza kuwa mwaka mmoja mbele. Iliyokaangwa ndani ya mwezi mmoja au miwili ni nzuri. Kama tarehe haipo, muulize muuzaji mzigo uliingia lini. Wanaopita Maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kila Julai wanaweza kutumia fursa hiyo kuwatafuta wakaangaji na vyama vya wakulima wanaoleta bidhaa zao, na kuwauliza maswali hayo ana kwa ana.

Nyumbani, joto na unyevu wa bahari ni maadui wa kahawa. Nunua kidogo, gramu 250 kwa mara moja, na uihifadhi katika kopo linalofunga vizuri, mbali na jiko na jua. Jokofu linalofunguliwa kila saa si mahali pazuri, kwa sababu kahawa hunyonya unyevu pamoja na harufu ya samaki na vitunguu.

Kusaga

Hapa ndipo wengi hukosea. Kahawa nyingi iliyosagwa inayouzwa madukani na sokoni ni laini kama unga, kwa kuwa imekusudiwa kuchemshwa. Birika la kubonyeza linahitaji chenga zenye ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa, au mchele uliovunjikavunjika.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo kwa gharama. Mara ya kwanza alitumia kahawa laini ya dele. Chujio likaziba, ufito ukagoma kushuka, akausukuma kwa nguvu za mikono miwili, na kahawa ya moto ikaruka juu ya mfuniko na kumwagika mezani na kwenye vidole. Kilichopatikana kikombeni kilikuwa tope chungu. Ufito ukigoma, usishindane nao: uinue kidogo, subiri, kisha ushushe tena polepole.

Sababu yake ni rahisi. Kadiri chenga zinavyokuwa ndogo, ndivyo maji yanavyozifikia kwa wepesi na kutoa kila kitu kilichomo, uchungu ukiwemo. Chenga kubwa hutoa ladha taratibu, na dakika nne zinatosha kupata utamu kabla uchungu haujatawala.

Kisagio cha mkono ndicho bora, kwani hutoa chenga zinazolingana na mtu husaga kiasi cha siku hiyo tu. Asiyekuwa nacho aombe dukani isagwe kubwakubwa. Blenda inaweza kutumika ikiwa utaibonyeza kwa sekunde mbilimbili na kuitikisa, badala ya kuiacha izunguke mfululizo. Kinu na mchi navyo vinafaa: twanga kwa kugonga, usiponde sana, kisha pitisha katika chekecheo ili vumbi lianguke. Tumia chenga zilizobaki juu, na vumbi likusanye kwa ajili ya dele.

Maji

Zaidi ya sehemu 98 katika kila 100 za kikombe cha kahawa ni maji. Hili ni jambo la kuzingatiwa na wakazi wa maeneo ya karibu na bahari, ambako visima vingi hutoa maji yenye chumvi. Maji hayo yanaweza kufaa kwa kufulia, lakini hufanya kahawa bora kuwa na ladha isiyoeleweka, na sukari haiwezi kuificha. Kanuni ni moja: kama maji hayakupendezi yakiwa baridi kwenye bilauri, usiyapikie kahawa. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yachemshwe bila mfuniko kwa dakika chache ili harufu ipungue.

Kuhusu joto, nyuzi 92 hadi 96 ndizo zinazofaa. Hakuna haja ya kipimajoto. Yaache maji yachemke kabisa, epua, kisha subiri nusu dakika.

Hatua kwa hatua

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa hubeba takriban gramu tano. Kwa birika dogo la mililita 350, tia vijiko vinne na maji mililita 330. Kwa lita moja, tia vijiko 12.

Kwanza, pasha birika moto. Tia maji ya moto kidogo, yazungushe, kisha yamwage. Hatua hii hulinda kioo kisipasuke na huzuia kahawa kupoa mapema.

Pili, tia kahawa na mimina maji kiasi cha kuilowesha tu, kisha subiri nusu dakika. Kahawa mpya itaumuka na kutoa mapovu, kwa kuwa hewa iliyojengeka ndani ya buni wakati wa kukaangwa inatoka. Kama haiumuki kabisa, huenda ni ya zamani. Hicho ndicho kipimo cha kumkagua muuzaji.

Tatu, mimina maji yaliyobaki, koroga taratibu mara mbili au tatu kwa kijiko cha mbao, weka mfuniko ufito ukiwa juu, na hesabu dakika nne. Tumia saa ya simu, usikisie.

Nne, sukuma ufito chini kwa uzito wa kiganja, bila haraka, kwa sekunde 20 hivi. Birika liwe juu ya meza iliyo sawa na watoto wawe mbali.

Tano, mimina kahawa yote mara moja. Kahawa inayobaki juu ya machicha huendelea kukolea na kuwa chungu. Kama wanywaji hawajafika, ihamishie katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Acha funda la mwisho ndani ya birika, maana humo ndimo yalimo mashapo.

Onja kwanza bila sukari, hata kama ni funda mbili tu. Kahawa nzuri iliyoandaliwa vizuri huwa na utamu wake, na wengi hugundua kwamba sukari waliyoizoea ilikuwa ni ya kupambana na uchungu wa kuchemsha.

Makosa na tiba zake

Kahawa ikiwa chachu kama ndimu na nyepesi, maji hayakutoa vya kutosha: saga ndogo kidogo, au ongeza nusu dakika, au hakikisha maji hayakupoa. Ikiwa chungu na inakauka ulimini, imetoa kupita kiasi: saga kubwa zaidi au punguza muda. Ikiwa na ladha nzuri lakini hafifu, ongeza kahawa, usiongeze dakika. Ikiwa na mashapo mengi, iache itulie dakika moja baada ya kubonyeza. Badili jambo moja kwa mara moja, vinginevyo hutajua ni lipi lililoponya.

Kwa upande wa gharama, pakiti ya gramu 250 hutosha birika dogo mara 12, yaani vikombe 24 hivi. Gawa bei ya pakiti kwa 24 na utapata gharama ya kikombe kimoja kabla ya maji na moto. Ilinganishe na kile unacholipa katika mgahawa wa mjini.

Asiyekuwa na birika

Asiye na uwezo wa kununua birika asikate tamaa, kwani maarifa ni yaleyale. Chemsha maji katika sufuria, epua, tia kahawa iliyosagwa kubwakubwa kwa kipimo kilekile, koroga na ufunike kwa dakika nne. Kisha nyunyiza kijiko kimoja cha maji baridi ili machicha yazame, na mimina polepole kupitia chujio la chai. Jambo la msingi ni kwamba sufuria isirudi motoni. Kahawa hiyo itakaribia sana ile ya birika.

Anayepata buni mbichi kutoka kwa jamaa wa Moshi au Bukoba anaweza pia kukaanga mwenyewe. Tumia kikaango kizito na moto wa wastani, koroga bila kuacha na fungua madirisha, maana moshi ni mwingi. Baada ya dakika kumi hivi buni huanza kualika kama bisi. Mialiko ikiisha na rangi ikiwa ya hudhurungi iliyokolea, zimwage haraka katika ungo na uzipepete ili zipoe na maganda yapeperuke. Ziache zipumzike siku moja kabla ya kusaga.

Afya na usafi

Chujio la waya hupitisha mafuta ya kahawa, na ndiyo yanayoipa uzito na harufu. Mafuta hayo yana kemikali iitwayo kafestoli, ambayo huongeza kolesteroli katika damu ya mtu anayekunywa kahawa isiyochujwa kwa karatasi vikombe vingi kila siku. Mwenye tatizo hilo amwone daktari, na akitaka kuendelea na kahawa apitishe kinywaji chake katika karatasi ya kuchujia.

Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku hazina wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya njema, na 200 kwa mama mjamzito. Kikombe kimoja cha kawaida huweza kuwa na miligramu 80 hadi 100. Kahawa pia hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, hivyo wenye upungufu wa damu wainywe saa moja au zaidi baada ya chakula. Aidha, mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitahadharisha kuhusu vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65, viwe kahawa, chai au vinginevyo. Dakika chache za kusubiri hazipunguzi ladha. Kahawa iliyopoa kidogo huonyesha ladha yake vizuri zaidi.

Baada ya kunywa, usimwage machicha katika sinki, kwani huziba bomba. Yatupe kwenye taka au uyachanganye na udongo wa maua. Fungua chujio, tenganisha waya na sahani zake, na uoshe kwa sabuni kila siku. Mafuta yaliyoganda kwenye waya huvunda, na kikombe cha kesho kitakuwa na ladha ya uvundo huo hata kama buni ni za daraja la juu.

Mwenye nia ya kuanza wiki hii anahitaji vitu vichache: pakiti ya gramu 250 ya Arabika ya nchini yenye tarehe ya kukaangwa, iliyosagwa kubwakubwa, kopo linalofunga, maji yasiyo na chumvi, birika au sufuria na chujio, na saa ya kuhesabu dakika nne. Aandae siku ya mapumziko, akiwa hana haraka, na amkaribishe jirani. Kahawa ya mavuno hayohayo huenda inangoja meli ng'ambo ya ukuta wa bandari.